Kutafuta kazi ya nyumba nzima: shajara ya mradi wetu, Sahare, Tanga

11 Januari 2025, Jumamosi

Daftari hili nimelifungua kwa sababu ya swali la mwanangu mkubwa, anayetimiza miaka tisa mwaka huu. Asubuhi nilikuwa najifunga kanga niende kufagia uwanja wa zahanati pamoja na kina mama wenzangu, kazi tuliyojipangia mara moja kwa mwezi. Akaniuliza, "Mama, mbona kila ukienda kusaidia watu sisi unatuacha ndani na katuni?" Nikamjibu kwamba zile ni kazi za wakubwa. Nimefagia uwanja mzima jibu hilo likinisumbua. Kila siku tunalalamika kwamba watoto wa sasa hawana habari na jirani, na tukienda kwa jirani tunawafungia mlango.

Jioni nimewaita wenzangu barazani tutafute kazi ya kujitolea ambayo wakubwa na watoto wataifanya pamoja. Tumepatana nyumba sita: kwangu, kwa mvuvi wa diko letu, kwa fundi cherehani anayelea wanawe wawili peke yake, kwa mwalimu mstaafu na mkewe wanaoishi na mjukuu, kwa kijana wa bodaboda na mkewe, na kwa bibi wa nyumba ya kona mwenye wajukuu watatu. Watoto wote ni kumi na mmoja. Mdogo kabisa ni wangu, miaka minne. Mkubwa ni binti wa mvuvi, miaka kumi na mitano.

Bibi hakulipenda neno "kujitolea". Alisema ni neno la ofisini. "Kwetu Usambaani tuliita msaragambo. Barabara ikiharibika, mtu anapita jioni anatangaza, asubuhi kijiji kizima kiko njiani. Sisi watoto tulibeba mawe kwa kadiri ya mikono yetu, na asiyeweza jiwe alibeba kibuyu cha maji ya kunywa. Hakuna aliyeuliza watoto waje wafanye nini."

Masharti tuliyokubaliana ni haya. Kazi iwe inahitajika kweli. Mtoto wa miaka minne na bibi wa miaka sabini wote wapate la kufanya, siku hiyohiyo, mahali palepale. Nauli isizidi daladala moja. Isigongane na madrasa, kanisa wala tuisheni. Hili la mwisho limetuchukua saa nzima, maana Jumamosi ya mtoto wa Tanga imejaa kuliko ya baba yake.

25 Januari, Jumamosi

Leo tumekosea, na nataka niandike kosa lenyewe kabla sijalala.

Tulikwenda kwenye makazi ya wazee. Tulinunua sabuni, sukari na unga, watoto wakavaa sare za shule ili wapendeze. Walipangwa mstari, wakaimba, kisha kila mmoja akamkabidhi mzee kipande cha sabuni huku sisi wazazi tumeinua simu. Bibi mmoja alivuta kanga akajifunika uso. Tuliendelea kupiga picha. Dakika arobaini, tukaondoka.

Kwenye daladala mtoto wa pili wa fundi cherehani aliuliza, "Yule bibi alikuwa anajificha nini?" Hakuna mkubwa aliyejibu. Hatukuwa tumemuuliza jina, yeye wala mwingine yeyote.

Usiku huu nimefuta picha zote kwenye simu yangu, nimepita nyumba zote sita kuomba wenzangu wafute za kwao. Wamefuta. Mke wa mwalimu amesema jambo ambalo sitalisahau: watoto wetu leo hawakufanya kazi yoyote, walikuwa mapambo.

26 Januari, Jumapili

Nimerudi na wanangu wawili tu, mikono mitupu. Nimemwomba radhi yule bibi. Ameitikia shikamoo ya watoto, kisha amenitazama kwa muda na kuniambia nikae.

Nimemuuliza mlezi wa zamu wazee wanakosa nini ambacho hakinunuliwi dukani. Alifikiri kidogo akasema, "Macho." Wazee wa kike pale wanapenda kujishonea wenyewe: kiraka cha kanga, kifungo, upindo wa gauni. Mikono bado inaweza. Kinachowashinda ni kutunga uzi kwenye tundu la sindano, na walezi ni wachache, hawana nafasi ya kutunga nyuzi siku nzima.

Mwanangu mkubwa ametunga sindano kumi na mbili. Nyuzi ndefu, nyeusi na nyeupe, kila moja akaichomeka kwenye kipande cha sponji ili wazee wazichukue wiki nzima. Mdogo wake kazi yake ilikuwa kushika kibunda cha uzi kisiviringike sakafuni, na ameishika kazi hiyo kwa uso wa mtu aliyekabidhiwa funguo za benki. Yule bibi wa jana alichukua sindano ya kwanza akaanza kushona palepale.

Kuanzia leo kila Jumapili ni zamu ya nyumba moja. Hakuna simu kutoka mfukoni. Kipimo chetu kuanzia leo ni swali moja: mtoto asipokuja, kuna kitu kitabaki hakijafanyika? Kama hakuna, tumemleta kupamba.

22 Februari, Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Siku ya usafi. Tulipanga kuokota taka ufukweni kwetu, ukingoni mwa mikoko. Tulifika saa nne na nusu na magunia, glavu na watoto kumi, tukakuta maji yamekuja juu, tope lote limefunikwa, na pa kusimama ni ukanda mwembamba wa mchanga. Mvuvi alikuwa baharini tangu alfajiri, na sisi wengine hakuna aliyefikiri kumuuliza. Watoto wamechezacheza na magunia, tumerudi nyumbani.

Jioni mvuvi ametufundisha, watoto wakiwa mbele. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: bahari inakwenda mbali na kurudi kwa nguvu, na hapa kwetu maji hukupwa kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: bahari haiendi mbali, asubuhi maji yamejaa, yanatoka jioni. Leo mwezi ulikuwa umepita nusu ya mwisho siku mbili.

Mjukuu wa mwalimu amechora mwezi ukutani kwa mkaa, duara nne, na chini ya kila moja akaandika "asubuhi" au "jioni". Hii imetutatulia tatizo la madrasa na tuisheni bila kukusudia. Jumamosi za bamvua tunafanya asubuhi na wanaoweza asubuhi. Jumamosi za maji mafu tunafanya saa kumi jioni, wote wamesharudi. Kumbe ratiba tuliyoigombania Januari ilikuwepo angani siku zote.

Jambo jingine la leo: glavu zote tulizonunua ni za wakubwa. Mtoto wa miaka saba akivaa, vidole vinaning'inia, hashiki kitu. Fundi cherehani amesema atashona za watoto kwa turubai laini la mabaki.

15 Machi, Jumamosi, Ramadhani

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimekwenda pamoja, kwa hiyo nyumba zetu zote, za Waislamu na ya Wakristo, zina watu waliofunga.

Kazi ya mwezi huu hatukuibuni. Ipo tangu mimi mtoto: sahani ya futari iliyofunikwa kawa, mtoto anatumwa kwa jirani kabla ya adhana. Tulichoongeza ni orodha. Binti wa mvuvi alipita mtaani akaandika wazee na wagonjwa wanaofuturu peke yao, amepata tisa. Kila nyumba inapika zaidi kidogo ya inachopika siku zote: muhogo wa nazi, magimbi, tambi, uji. Watoto wanatembea wawili wawili, mkubwa na mdogo, njia zinazojulikana, na kabla adhana haijaisha wote wawe wamerudi. Sheria nyingine ni kwamba sahani inapokelewa mlangoni. Mtoto haingii ndani ya nyumba isiyo ya jamaa yake. Kuna mzazi mmoja aliona tunawadhania vibaya majirani. Mke wa mwalimu alimjibu kwamba sheria hiyo inamlinda mtoto na inamlinda pia mwenye nyumba, na hapo akaridhika.

Kuna jambo limenigusa. Kwetu sahani hairudi tupu. Nilidhani wazee hawa watasamehewa desturi hiyo, hawana kitu. Hawakukubali kusamehewa. Wanangu wamerudi na ndimu tatu, jana ukwaju uliofungwa kwenye gazeti, juzi majani ya mchaichai. Mwanangu mdogo anaamini kwamba anakwenda kufanya biashara ya kubadilishana. Sijamsahihisha, maana yuko karibu na ukweli kuliko mimi siku ile ya sabuni.

31 Machi, Idi

Wazee wanne kati ya wale tisa wamekuja wenyewe barazani kwangu kula mkate wa sinia. Sikuwaalika. Watoto ndio walioalika.

26 Aprili, Jumamosi, Sikukuu ya Muungano

Kesho mwezi unaandama, kwa hiyo leo ni bamvua na maji yamekupwa saa nne. Mvua ya masika ilinyesha usiku, asubuhi kukawa na jua. Siku nzuri kuliko zote tulizopata.

Tumebadilisha namna ya kufanya. Wakubwa wanaokota, watoto wanahesabu. Tumetandika turubai, kila aina na mahali pake, na makarani wetu wana mbao za kuandikia, vijiti vinne na cha tano kinakatiza. Wenye miaka minne hadi sita wanapanga vifuniko kwa rangi, na hiyo ni kazi ya kweli kwa sababu makarani hawawezi kuhesabu rundo lililochanganyika. Bibi anakaa kwenye kiti chini ya mwarobaini, ndiye anayesimamia turubai.

Wingi wa leo ni vifuniko vya chupa, ukifuatiwa na chupa zenyewe, halafu ndala, halafu vipande vya nyavu. Mifuko ya plastiki ya kubebea tumeikuta michache sana. Ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na mwanangu haikumbuki madukani. Kwake mfuko wa plastiki wa kubebea ni kitu cha kuokotwa ufukweni, kama kipande cha chungu cha zamani.

Mvuvi amewasimulia watoto habari za Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndala zipatazo 30,000, likashushwa majini mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Unguja. Baada ya hapo hakuna ndala iliyoachwa ufukweni. Sasa nina gunia zima la ndala za mguu mmoja uani kwangu, na nimeahidi kutolitupa.

Tumeokota pia bomba la sindano, na sindano yake. Mtoto wa bodaboda, miaka saba, ndiye aliyeliona. Alifanya alivyofundishwa: hakugusa, alisimama palepale, akainua mkono na kuita. Mkubwa alikuja na koleo na kopo la bati. Nilimkumbatia mbele za watu, akaona haya.

Sasa jambo lililofanya leo iwe leo. Mwanangu, akiwa na ubao wake, alisema vifuniko viko vingi upande mmoja tu wa ufuko. Sisi wakubwa tulikuwa tumeinama tangu saa tatu na hatukuona. Tulitembea naye kwenda upande huo. Panaishia mdomo wa mtaro wa maji ya mvua unaotoka kwenye mtaa wenye maduka na vibanda vya vinywaji. Mvua ya usiku ilikuwa imevisukuma vyote. Kwa hiyo tumekuwa tukizoa baharini kitu ambacho tungeweza kukizuia mita mia mbili juu.

10 Mei, Jumamosi

Tumekwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Binti wa mvuvi amesoma hesabu, mwanangu ameshika karatasi yenye mchoro wa mtaro, sisi wazazi tumekaa nyuma. Mwenyekiti alianza kutuuliza sisi, tukamwelekeza kwa wenye hesabu. Aliwauliza maswali matatu mazito: wamehesabu siku ngapi, nani alithibitisha, wanataka nini. Walijibu yote. Wanachotaka ni wavu mdomoni mwa mtaro na pipa mbele ya vibanda. Ametoa ruhusa ya wavu, na pipa amesema atalizungumza na wenye vibanda.

Mvuvi ametoa wavu chakavu, kijana wa bodaboda amechomelea fremu kwa rafiki yake. Watoto wataukagua kila Ijumaa baada ya shule, na mkubwa mmoja awepo.

24 Mei, Jumamosi

Wavu umeleta maafa madogo. Mvua kubwa ya Jumatano ilijaza taka kwenye wavu, maji yakakosa njia, yakaingia uani kwa mama mmoja anayekaa kando ya mtaro, yakalowesha kuni na mkaa wake. Tumekwenda kumwomba msamaha, wakubwa kwa watoto, na tumemlipia gunia la mkaa. Alikuwa na haki ya kutukasirikia na alikasirika.

Marekebisho: fremu imeshushwa, imebaki nusu ya kimo cha mtaro. Mvua ya kawaida inapita ndani ya wavu na kuacha taka. Mvua kubwa inapita juu yake. Na mama huyo mwenyewe ameomba awe ndiye anayetupigia simu akiona wavu umejaa. Nyumba sita sasa ni saba.

14 Juni, Jumamosi

Siku ya Wachangia Damu Duniani. Nilijua watoto hawatachangia, umri ni kuanzia miaka 18 na uzito kuanzia kilo 50, lakini nilitaka waone. Wiki nzima walipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu, na leo walihudumia maji na biskuti kwa waliokwisha kutoa. Fundi cherehani hakukubaliwa, kilo zake hazikufika, akalia kidogo. Mwanangu alikaa akipiga hesabu kwenye kiganja, halafu akamwambia muuguzi, "Mimi nitakuja 2034." Muuguzi aliitikia kwa heshima kamili kwamba atamsubiri.

Kwa mwanangu mdogo ilikuwa siku ndefu isiyo na kazi. Kwa nyumba nzima, hii haifai. Kwa wenye watoto wakubwa, inafaa sana.

5 Julai, Jumamosi

Leo hatukufanya kazi, tumezungumza, na mazungumzo yalikuwa magumu.

Baba mmoja wa mtaa wa pili alikuja kutuuliza wazi: mnawafanyisha watoto kazi bila malipo, je, hilo si kosa? Na mwanangu akiacha tuisheni kuja kuokota vifuniko, mtihani wa darasa la saba mtamfanyia nyinyi? Nilitaka kumjibu haraka. Mwalimu mstaafu alinizuia kwa mkono, akasema swali hilo ni zuri na tulipaswa kujiuliza sisi wenyewe Januari.

Akaeleza kwa utaratibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inakataza kumtumikisha mtoto yeyote kazi ya kumdhuru. Sheria hiyohiyo inataja pia wajibu wa mtoto, na mmojawapo ni kuitumikia jamii yake kwa nguvu na akili zake, kulingana na umri na uwezo wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, ibara ya 31, unasema vivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto ana cha kutoa. Sisi wakubwa tunatakiwa kulinda kipimo: saa zisizidi mbili, mzazi awepo, hakuna mtu anayefaidika kifedha kwa mikono yake, na masomo na michezo vibaki mahali pake. Tumeandika hayo kwenye karatasi na kila mzazi ametia sahihi. Yule baba amesema atafikiri. Namheshimu kwa kuja.

Kabla hatujaachana, mwanangu, huyuhuyu wa swali la Januari, amesema Jumamosi ijayo haji. Anataka kulala. Nilimkaripia mbele za watu. Nilisema wewe ndiye uliyeanzisha haya.

Bibi alinisubiri wengine wakaondoka. "Mwanangu," akaniambia, "sahani ya futari ulimtuma. Kutumwa ni malezi, mtoto hakatai, na ni sawa. Lakini hili umelipa jina la kujitolea. Ukimtuma kujitolea, umemwachia nini cha kutoa?" Nimelirudia jambo hilo tangu Magharibi hadi sasa saa nne usiku. Nimekwenda chumbani kumwomba msamaha, nimemkuta amelala. Nitamwambia kesho.

Tangu leo: mtoto anaweza kusema "leo siji" bila kuulizwa sababu. Anachodaiwa ni kutafuta wa kushika nafasi yake, kwa kuwa kazi yake ni ya kweli na itabaki.

26 Julai, Jumamosi, Siku ya Kimataifa ya Mikoko

Amekuja. Aliamka kabla yangu.

Mwezi umeandama juzi, bamvua, maji yanakupwa karibu saa tano na nusu. Tuliomba ruhusa mapema kwa bwana miti, maana misitu ya mikoko huku bara ni hifadhi ya serikali, na yeye mwenyewe akaja kutuongoza. Nashukuru alikuja. Sisi tulikuwa tumechagua uwanda wazi wa tope mbele ya msitu, mahali panapopendeza macho. Alitukataza. Alisema kila mti una mahali pake: mlilana unatangulia upande wa bahari, mkoko unafuata nyuma yake, mkandaa na mchu viko karibu na nchi kavu. Ukipanda mkoko uwandani unapoteza mbegu na unaharibu majani ya bahari na maskani ya chaza na kaa. Alitupeleka ndani, kwenye pengo ambapo miti ilikatwa zamani kwa ajili ya nguzo.

Mbegu ya mkoko inachipua ikiwa bado juu ya mti mama, inaning'inia, ndefu kama ganda la mlonge. Kazi ya kuchagua ilikuwa ya bibi na mama wa mtaroni: iliyotobolewa na wadudu wanaweka kando, iliyokomaa na nzima wanaipitisha. Mwalimu na mkewe walishika kamba yenye fundo kila mita moja, yeye mwanzo, mke mwisho. Kupanda kwenyewe, tumegundua jambo ambalo sikulitegemea. Mkubwa akikanyaga tope lile anazama hadi magotini, akijitoa anavunja kila kilicho karibu. Mtoto wa miaka saba anatembea juu yake kama ndege. Dakika kumi tu, bwana miti akatuamuru wakubwa wote turudi ukingoni. Watoto wakapanda, sisi tukawapitishia mbegu mkono kwa mkono. Ncha chini, kichipukizi juu, theluthi moja ndani ya tope, usikanyage ulipopanda.

Mwanangu mdogo alikuwa mlinzi wa ndala. Jozi zetu zote zilikuwa kwake, kwenye gogo, na maji yakianza kurudi ndiye aliyetakiwa kupiga kelele. Alipiga kelele mara tano maji yakiwa bado mbali. Mara ya sita yalikuwa yamefika.

Tumepanda 140. Kuna aliyetaka tufike elfu moja ili tuseme elfu. Mvuvi aliwaambia kuhusu jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, Gazi, Kaunti ya Kwale, walioanzisha Mikoko Pamoja zaidi ya miaka kumi iliyopita: wanalinda msitu wao, wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo msitu unaifyonza na kuihifadhi, na fedha zinaingia kwenye maji na shule za kijiji. Wale wanarudi kuangalia, mwaka hadi mwaka. Tukaacha kuongea habari za elfu.

Nilihesabu vichwa mara tatu kabla hatujaondoka. Kumi na mmoja, kumi na mmoja, kumi na mmoja. Wote walikuwa tope hadi masikioni, na mke wa bodaboda, ambaye Januari hakusema neno barazani, aliwaogesha kwa ndoo mmoja mmoja kisimani huku akiwaimbia.

30 Agosti, Jumamosi

Mwezi nusu, maji mafu, kwa hiyo tumekwenda saa kumi jioni. Makarani wamepita mstari kwa mstari. Imesimama 97. Iliyokufa, mingine imekatwa na kaa, mingine imesombwa upande wa mkondo, na safu moja nzima imelala chini ya kipande cha wavu kilichokuja na bamvua. Mvuvi aliutoa wavu kwa mikono yake, akauweka begani, hakusema kitu. Miche minne kwenye safu hiyo ilikuwa bado na uhai. Mjukuu wa mwalimu ameisimamisha na kuifungia vijiti.

Majani ya kwanza yametoka kwenye mingi, mawili mawili, yanang'aa. Mwanangu anataka kuandika kimo cha kila mche, kwa rula. Nimemwambia 97 ni mingi kwa jioni moja. Amegawa: safu mbili kila maji mafu, na amewapangia wenzake bila kuniuliza.

Yule baba wa mtaa wa pili alikuwepo leo na mwanawe wa darasa la saba. Hakueleza, hatukuuliza. Kijana amepewa ubao.

Wavu wa mtaroni umekaguliwa jana, umejaa nusu. Pipa la vibandani bado halijaja, nitakwenda tena kwa mwenyekiti Jumatatu na binti wa mvuvi. Kesho ni zamu ya nyumba ya bodaboda kwa wazee. Wameagiza sindano nene mbili za kushonea mkeka, na uzi mweusi umekwisha.